Pikipiki Isiyokata Kushoto

Tulipoachana Jumapili iliyopita, msomaji wangu, Soud alikuwa amepiga magoti ndani ya gereji yake huko Riyadh, mkononi kashika kipande cha plastiki nyekundu, mbele yake pikipiki ya mteja yenye kava la ubavuni lililovunjika. Kipande kile kilitolewa kwenye kanzu ya mdogo wake, Saif, siku alipogongwa Jeddah na kuachwa barabarani na mtu ambaye hakujulikana. Soud alikuwa anakisogeza kwenye ule ufa.

Basi kilikaa.

Hakukilazimisha. Kiliingia chenyewe kikabana, kama kifuniko kwenye sufuria yake. Mstari mweupe ulioanzia kwenye kava ukapita juu ya kipande na kutokea upande wa pili bila kukatika.

"Julius," Soud akaita. "Hebu njoo utazame."

Julius, mpiga rangi wake, Mkenya wa Nakuru, akaja na msasa mkononi. Akatazama, akainama, akatazama tena.

"Wacha! Boss, hii si ndio ile ya Saif?"

"Ndiyo yenyewe. Na mwenye pikipiki yule pale mlangoni."

Mlangoni alisimama Mazin, mtoto wa watu wa Al-Hamra, mtaa wa matajiri wa Jeddah, miwani ya jua kichwani, simu sikioni. Aliisafirisha pikipiki hii mwenyewe mpaka Riyadh, eti kwa kuwa Jeddah hakuna fundi wa kuivua pikipiki ya kisasa na kuivika sura ya zamani. Soud alikuwa amejivunia sifa hiyo asubuhi nzima. Sasa alijua kwa nini mtu alikimbilia mbali kiasi kile.

"Huyu ndiye aliyemkata mdogo wangu Saif mguu," akasema kwa Kiswahili, wala hakushusha sauti. Kwa nini ashushe? Tangu babu yake alipohama Unguja mwaka wa sitini na nne, Kiswahili kilikuwa pazia la nyumba yao. Sokoni, hospitalini, mbele ya kafili aliyewadhamini na mbele ya wageni, walisemea nyuma yake, na hakuna aliyewahi kulifunua. "Mwana wa haramu kasimama pale, anacheka na simu. Mguu kwa mguu, wallahi. Hatoki mikononi mwangu ila anachechemea."

Mazin akageuka. "Kuna tatizo, fundi?" akauliza kwa Kiarabu.

"Hakuna tatizo, bosi," Soud akamjibu kwa Kiarabu hichohicho, meno yote nje. "Plastiki imevunjika kidogo."

"Ilianguka nyumbani. Ndiyo maana nataka mwili mpya. Na hii ya zamani ivunjeni vipandevipande. Nataka nione kwa macho yangu, isije ikauzwa."

Pembeni palikuwa na nyundo. Soud aliitazama, na Julius akamwona anavyoitazama, akaja akasimama katikati.

"Boss, tulia. Ukimgonga hapa ni wewe unaingia ndani. Hiyo ni evidence. Tuipeleke kwa polisi."

"Niwaambie nini? Faili limeshafungwa, mgongaji hakuonekana. Nikienda na kijipande changu, atasema pikipiki kanunua jana kwa mtu. Baba yake ataleta mawakili wawili, mie nitaleta mdomo."

"Sasa ikivunjwa si ndio imeisha kabisa?"

Soud akaiacha nyundo. Kisha akacheka, na kicheko chenyewe hakikuwa kizuri.

"Tutafanya kazi kama siku zote, Julius. Si tunatoa kalibu kwanza?"

Hiyo ilikuwa desturi ya gereji ile tangu enzi za marehemu baba yake. Mwili wa zamani hautupwi kabla haujatolewa kalibu: unaupaka nta, unaulaza kitambaa cha faibaglasi, unaumiminia dawa yake, ukikauka unabandua. Kalibu ndiyo inayokuonyesha kila tundu la skrubu lilipokuwa, ili mwili mpya ukae bila kutoboa fremu. Nayo haichagui cha kukumbuka. Ikikutana na tundu inachukua tundu, ikikutana na ufa inachukua ufa.

"Nenda ukale, bosi," Soud akamwambia Mazin. "Rudi baada ya Alasiri, utaona tukivunja."

Mazin akaenda. Aliporudi, kalibu ilikuwa imeshabanduliwa na kufichwa chini ya turubai, na kila jino la ule ufa limesimama ndani yake. Soud akashika nyundo na kuponda plastiki nyekundu mbele ya mwenyewe. Kila pigo alilitolea jina la Saif moyoni. Mazin alisimama mikono kifuani, anatabasamu.

Lishike tabasamu hilo, msomaji. Tutalirudia.

Kazi ikaanza. Mazin aliacha picha ya pikipiki ya mashindano ya zamani sana: pua ya mviringo, taa moja ya duara, tangi refu, na kiti cha mtu mmoja chenye nundu nyuma. Kuitazama ni rahisi. Lakini pikipiki ya kisasa imeinua mkia kama nge na imejaa pembe kila mahali, na ya zamani imelala mstari mmoja kutoka tangi mpaka nundu. Kuileta hii kwenye ile ni sawa na kumvisha bondia kanzu ya harusi.

Soud aliukata ule mkia. Akajaza mapengo kwa magodoro ya povu, akachonga kwa msumeno, akasugua, akarudi nyuma hatua chache, akafumba jicho moja, akatukana, akachonga tena. Taa ya duara waliikuta Batha, katika duka la vitu chakavu. Pua ya mbele aliirudia mara tatu, kwa sababu ilikuwa inaonekana imevimba. Julius akapaka kijani kizito, akazungusha mstari wa dhahabu kwa mkono wake bila utepe. Hata katika hasira zake Soud hakuweza kutengeneza kitu kibaya, na jambo hilo lilimuudhi.

Alipomaliza kila kitu aliipanda, akaizungusha mitaa ya gereji na kurudi. Ndipo akaongeza kitu kimoja ambacho hakikuwa kwenye picha.

Siku ya kupimisha, Mazin akapanda kiti, akalala juu ya tangi, akajiona mfalme. Julius alikuwa amejikunja mbele, anapangusa vumbi ndani ya pua. Kitambaa chake kikanasa.

"Boss, huku ndani umeweka nini?"

"Kulabu."

"Ya nini?"

"Ya huyu." Soud alikuwa anaweka sawa kioo cha pembeni, uso mtulivu, anamwangalia Mazin kwa heshima zote. "Akikata kona pana, hana neno. Akikata kulia, hana neno. Lakini akigeuza kushoto mpaka mwisho, kama wanavyogeuza pale Corniche ya Jeddah, ufukweni, ili wapite tena mbele ya watu, mkono wa kulia wa usukani unaingia mbele, kulabu inaudaka, hautoki tena. Na mkono wa kulia ndio wa mafuta. Umebanwa, injini inanguruma, pikipiki inamwangukia mguuni. Mguu kwa mguu."

Julius akaangusha kitambaa. "Manze, Soud, ongea polepole! Jamaa amekaa hapa!"

"Anajua nini huyu? Mwambie yeye ni mbwa, atakwambia ahsante."

"Mnasema nini?" Mazin akauliza kwa Kiarabu.

"Tunasema imekukaa kama umezaliwa nayo, bosi."

Mazin akacheka. Alicheka mpaka akafuta machozi. Julius hakucheka.

"Na kama kuna mtu amesimama hapo karibu, siku hiyo?" akauliza. "Mtoto? Mama ya mtu?"

Soud akakaza skrubu ya kioo. "Kalibu tutakwenda nayo Jeddah," akasema, "nyuma ya kiti cha pikapu. Akishalala hospitali, nitampelekea kitandani aione. Ajue kilichomfika kimetoka wapi."

Mazin alikuwa ameshashuka. Alisimama mbele ya ukuta, anasoma maandishi ya rangi ya buluu ambayo marehemu baba yake Soud aliyaandika kwa Kiarabu: *Anayeitengeneza ndiye anayeipanda kwanza.*

"Maneno mazuri," akasema. "Ya nani?"

"Ya baba yangu, Mungu amrehemu."

"Nimeyapenda sana." Akavaa miwani yake. "Yalla, tukutane Ijumaa, Corniche. Nitaita watu."

Ijumaa ile Soud na Julius waliingia Jeddah na pikapu, pikipiki imefunikwa shuka nyuma. Soud akamwacha Julius na mzigo karibu na Al-Hamra, akachukua teksi ya kuchangia mpaka Bani Malik, nyumbani kwa mama yake, ale wali wa Ijumaa kabla ya shughuli.

Saif alikuwa mahali pake, kwenye kiti cha plastiki mdomoni mwa kichochoro, magongo yameegemea ukuta. Kila siku baada ya sala alikaa hapo. Barabara ilimchukulia mguu, na yeye kila siku alikwenda kuitazama usoni.

"Kaka! Umeniletea nini kutoka Riyadh?"

"Mwenyewe sitoshi?"

"Wewe hutafuniki."

Wakacheka. Mama yao aliposikia sauti akatoka na kijiko mkononi, akamtazama Soud, akamtazama tena.

"Soud, baba, una nini usoni?"

"Sina kitu, mama. Kazi tu."

"Kazi haimfanyi mtu akatabasamu peke yake. Mie nimekuzaa, usinifiche. Umempata, sivyo?"

Soud akatazama chini. Mama akasogea.

"Kama umempata, sema wenye kuhukumu waambiwe. Kisasi kina mlango wake, mwanangu, na mlango wenyewe ni wa kadhi. Usipitie dirishani. Mchimba kisima huingia mwenyewe."

"Kadhi alikuwa wapi mdogo wangu alipolala barabarani?"

"Sikuulizi kadhi alikuwa wapi. Nakuuliza wewe unakwenda wapi."

Soud akaenda kukaa karibu na Saif. Wali ukaja, wakala kwenye sinia moja. Saif alikula vizuri. Soud alikuwa anasukuma matonge tu.

"Kaka," Saif akasema, bila kuulizwa, "watu wote wanadhani nataka yule mtu akatwe mguu. Nitaufanyia nini mguu wa mtu? Unajua ninachotaka? Nataka aje hapa, akae kwenye kiti hiki, anitazame ninavyovaa suruali. Tokea mwanzo mpaka mwisho. Asigeuze uso. Halafu aende zake."

"Tu?"

"Jaribu wewe. Umeshawahi kunitazama mpaka mwisho?"

Soud hakuwahi. Kila mara alitoka chumbani. Ukweli huo ulimuuma kuliko kitu chochote alichowahi kuambiwa, naye akauweka juu ya deni la Mazin.

"Uso wake hukuuona," akasema ili abadilishe maneno.

"Uso sikuuona. Lakini mlio, kaka! Ule mlio nikiusikia hata nikiwa kaburini nitaujua."

Soud akanawa mikono, akambusu mama yake kichwani, akatoka. Maneno ya Saif yalikuwa yamemwingia, nisimsingizie. Ila hayakumgeuza. Mtu aliyebeba hasira mwaka mzima hawezi kuitua kwa sinia moja la wali.

Corniche ilikuwa imejaa. Rafiki zake Mazin walikuja na pikipiki zao, na wake kwa waume walisimama kwenye ukingo wa njia, simu juu. Julius akavuta shuka.

Watu wakaguta. Kijani kile kwenye jua la Alasiri, mstari wa dhahabu, taa moja ya duara inawatazama watu kama jicho la samaki: kijana mmoja akavua kofia kabisa. Wakauliza ni ya mwaka gani, na walipoambiwa kwamba ndani yake ni pikipiki ya juzijuzi, wakaikataa habari hiyo mpaka wakainama na kuiona injini.

Soud alisimama pembeni. Moyo ulikuwa unampiga kwa furaha mbovu. Aliutazama mguu wa kushoto wa Mazin, kiatu kipya cha ngozi, akasema moyoni, kiage hicho.

Mazin akapanda juu ya ukingo wa njia, akainua mkono. Watu wakanyamaza.

"Kwenye gereji ya fundi huyu," akasema, "kuna maneno ukutani. *Anayeitengeneza ndiye anayeipanda kwanza.* Ni wasia wa baba yake. Mimi ni nani nivunje wasia wa marehemu? Fundi Soud ataipanda kwanza! Ataenda mpaka pale kwenye nafasi ya kugeuzia, atakata kushoto, atarudi hapa mbele yetu!"

Makofi. Vigelegele. Simu zote zikamgeukia Soud.

Soud akarudi nyuma hatua moja. "Nimeshaipanda, bosi. Riyadh."

"Sisi hatukuona!" mtu akapiga kelele, na wote wakaitikia.

Mazin akashuka, kofia ya pikipiki mkononi, akamkumbatia Soud kama ndugu anavyomkumbatia ndugu. Mdomo wake ukafika sikioni. Na maneno yaliyotoka hayakuwa ya Kiarabu.

"Panda, kaka yake Saif."

Kiswahili safi. Kiswahili cha mwambao, hata hakikuwa na kigugumizi.

Soud akajaribu kujitoa, Mazin akamkaza.

"Nimelelewa na yaya wa Malindi," Mazin akaendelea kwa sauti ya chini, watu wanadhani anampongeza. "Kabla sijajua kuomba maji kwa Kiarabu, nilishajua kuomba kwa Kiswahili. Mbwa, siyo? Mwana wa haramu. Nimeyasikia yote, tangu siku ya kwanza. Mngesema Kiarabu ningekuwa sijui kitu. Kulabu yako imekaa vizuri?"

"Wewe ulimwacha barabarani..."

"Niliogopa. Nilikuwa nakwenda kuomba shauri la baba yangu, nirudi nijisalimishe kwa polisi. Halafu nikakusikia unapanga kunivunja, nikasema halas, tuko sawa sasa. Tazama pikapu yako."

Soud akatazama. Mlango wa pikapu ulikuwa wazi. Julius alisimama kando, mikono mitupu, wanaume wawili kulia na kushoto kwake. Nyuma ya kiti hapakuwa na kalibu.

"Ushahidi wako ninao mimi," Mazin akasema. "Ukikataa kupanda, nawaonyesha watu wote mtego uliouweka ndani ya pikipiki yangu, na kesho unalala ndani. Ukipanda, utageuza kushoto. Mguu kwa mguu, fundi. Chagua." Akamwachia, akampigapiga begani, akarudia Kiarabu kwa sauti kubwa: "Yalla! Mpigieni makofi!"

Julius alikuwa anatikisa kichwa kule mbali, anatikisa kwa nguvu zote. Soud akavaa kofia. Akapanda.

Injini ikaitika. Mwili ulikuwa mpya, lakini mlio ulikuwa uleule wa zamani, mzito, wa kukwaruza. Soud akaondoka taratibu, watu wakimshangilia, bahari kushoto kwake, pua ya mviringo mbele yake imekaa sawasawa. Alikuwa ameifanya vizuri. Laiti angeifanya vibaya.

Nafasi ya kugeuzia ikaonekana. Gari la mbele likageuka kushoto, na la nyuma yake. Mchimba kisima, mama alisema.

Na hapohapo, katikati ya hofu, yakamjia maneno ya Saif. *Nataka aje hapa. Akae kwenye kiti hiki. Anitazame.*

Kalibu imekwenda, sawa. Lakini je, ushahidi mkubwa kuliko kalibu si huu anaoukalia? Fremu hii, injini hii, mlio huu? Mazin anaweza kukubali kupoteza vyote, si hii. Ikiondoka, ataifuata. Ataifuata popote.

Soud akaipita nafasi ya kugeuzia. Akakata kulia.

Nyuma yake shangwe zikageuka mayowe. Kwenye kioo cha pembeni akamwona Mazin anatupa miwani, anakimbilia gari lake, jipu jeusi. Soud akacheka ndani ya kofia, kwa mara ya kwanza siku ile kicheko cha kweli. Njoo, baba. Njoo nikupeleke ukamwone mtu.

Akaiacha bahari mgongoni. Jeddah ina njia za kutosha kwa mtu anayekata kulia tu, ila inakuzungusha. Kona pana hazikuwa na neno. Pale palipotaka kushoto ya kukaba, alipita mbele, akakata kulia, akazunguka mtaa mzima na kutokea alikotaka. Kila jipu lilipokwama kwenye taa, Soud alipunguza mwendo akasubiri. Hakutaka kumpoteza. Mazin alikuwa anapiga honi kama mwendawazimu, uso umemwiva nyuma ya kioo.

"Utamtazama," Soud akasema peke yake. "Wallahi leo utamtazama mpaka mwisho."

Majengo yakaanza kubanana, nguo zikaonekana zimeanikwa madirishani. Bani Malik. Kichochoro cha kwao kilikuwa upande wa kushoto wa barabara, na Soud alikuwa ameshapiga hesabu yake: atasimama barabarani, azime, ashuke, Mazin atashuka amrukie, na hapo atamshika mkono, atavuka naye kwa miguu mpaka kwenye kile kiti cha plastiki. Kazi imekwisha.

Lakini mbele, ghafla, lori la maji likarudi nyuma kutoka kwenye jengo moja, likaziba barabara ukuta kwa ukuta.

Soud akatazama kwenye kioo. Jipu lilikuwa nyuma yake kabisa, na Mazin hakuwa anapunguza. Hakuliona lori, au aliliona na hakujali. Kulia palikuwa na magari yaliyoegeshwa, hakuna hata pa kupitisha baiskeli. Palipobaki wazi ni kushoto tu, mdomo wa kichochoro, kona ya kukaba, usukani mpaka mwisho.

Na mdomoni mwa kichochoro Saif alikuwa ameusikia mlio.

Soud aliuona uso wa mdogo wake unavyobadilika. Alimwona anatafuta magongo, moja linaanguka, anajiinua kwa lile lililobaki, anasimama katikati ya njia ili amwone hatimaye mtu mwenye mlio ule. Swali la Julius likamrudia Soud kichwani, lile ambalo hakulijibu: na kama kuna mtu amesimama hapo?

Honi ya jipu ikalia mgongoni mwake.

"Saif, ondoka!" akapiga kelele ndani ya kofia, ambako hakuna aliyemsikia.

Kisha Soud akakata kushoto.